Tunda Liitwalo Kalomeli

Debre Berhan
6 Megabit 2016

Wubit dada yangu,

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mimi husoma maandishi ya nyuma ya chupa. Sabuni, dawa ya mende, mafuta ya kupikia, wino, chochote. Wenzangu hapa bwenini huficha hadithi za mapenzi chini ya godoro, mimi nimeficha lebo ya shampuu. Nikiwa peke yangu bafuni huzisoma kwa sauti ya chini, maana maneno mengine ni matamu hata kama siyaelewi. Ukicheka, cheka polepole.

Nakuambia leo kwa sababu ya ile kolo uliyonitumia kwa Ato Lemma, dereva wa gari la mablanketi. Kolo yenyewe iliisha siku ileile, wenzangu wana mikono mirefu linapokuja suala la shayiri ya kukaanga. Lakini boksi la krimu ulilofungia nimelihifadhi. Lina picha ya mwanamke anayecheka, na jua limekaa nyuma ya kichwa chake kama watakatifu wa ukutani kanisani. Upande wa pili kuna herufi ndogo kama mayai ya chawa. Nimezisoma zote. Neno moja limeninasa: kalomeli. Litamke taratibu uone. Linafaa kuwa jina la tunda, au la binti wa mfalme. Jana nilimwambia Hirut wa kitanda cha jirani kwamba nikizaa binti nitamwita Kalomeli, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nimeangalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, maana msomaji wa lebo lazima aangalie. Imeandikwa 2019, kwa hiyo bado miaka mitatu. Yeyote mwenye krimu hiyo amepata kitu kizuri. Ni ya nani?

Kabla mfungo haujaanza bibi alinipaka siagi kichwani, na bado nanukia. Bezawit, yule msichana wa Addis, ananiita kitoweo. Mama anasema siagi ya kichwani haivunji mfungo ilimradi isitiririke hadi mdomoni.

Niambie habari za magauni yetu. Harusi ya dada yako Fikirte naingoja na naiogopa. Kutembea mbele ya watu wote wale kunanitisha kuliko mtihani wa taifa. Lakini tulikubaliana wapambe ni mimi na wewe, na kwamba utanishika mkono. Ukinishika nitafika.

Ndugu yako,
Meklit


Addis Ababa
14 Megabit 2016

Profesa wa Chupa,

Nimecheka polepole kama ulivyoagiza, mama akaniuliza kama nina kwikwi. Siri yako iko salama. Sijui hata ningeanzaje kumsimulia mtu.

Gauni ni rangi ya maziwa, lina tarizi ya kijani pindoni. Tulikwenda kupimwa mwezi uliopita. Mama yake bwana harusi alikuwepo, amekaa kama hakimu. Akanitazama, akatazama kitambaa, akamwambia fundi, "Huyu mweusi awekwe pembeni kabisa ya picha, asije akawamezea wenzake mwanga." Watu wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nimekuandikia ili na wewe upate kichekesho.

Lile boksi nililiokota tu dukani kwa mama, sijui ni la nani. Ila unasema bado miaka mitatu? Na hayo maneno mengine yote ni mazuri? Nauliza tu. Muuzaji mmoja wa soko la Merkato naye nilimsikia akisema hivyohivyo, bado miaka mitatu. Sijui alikuwa akimwambia nani.

Siagi yako iishie huko huko kwenye mji wa mablanketi. Nimepata dawa ya kulainisha nywele, inanuka kama choo kilichooshwa leo asubuhi lakini wanasema nywele zinalala kama hariri. Wiki ya harusi tutapaka wote wawili.

Wako mweupe mtarajiwa (natania),
Wubit


Addis Ababa
25 Megabit 2016

Mwanangu Meklit,

Salamu katika jina la Bwana. Hujambo? Masomo hayajambo? Baridi ya huko je? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mimi Mama Mkubwa wako si mtu wa kuandika, ukiona nimeshika kalamu ujue limenifika.

Ni habari ya Wubit. Mwaka huu mfungo umemwingia kupita kiasi. Amejifunika netela mpaka puani, na si kanisani tu. Jikoni amejifunika, dukani amejifunika, mezani anapitisha injera chini ya mtandio kama anayelisha paka aliyefichwa. Nikimwambia fungua uso huo tukuone, ananijibu, "Mama, niko kwenye toba." Toba ya nini, mtoto wa miaka kumi na sita? Hatoki juani. Haangalii kioo. Wubit huyu, ambaye alikuwa hawezi kupita sufuria bila kujitazama.

Baba yake amefurahi, anasema tumepata mtoto mcha Mungu. Mimi silali. Naogopa anataka kuwa mtawa. Siwakatai watawa, mwanangu, wanatuombea. Lakini si kabla ya harusi ya dada yake, na gauni limeshakatwa.

Wewe ni mtu wa vitabu na yeye anakusikiliza. Mwandikie kwa upole kwamba Mungu humwona hata aliyeacha uso wazi. Usimwambie kuwa ni mimi.

Mama Mkubwa wako,
Zenebech


Addis Ababa
25 Megabit 2016

Meklit,

Nakuandikia haraka, Ato Lemma anapiga honi na mama naye kampa barua, sijui anakuandikia nini. Kuna msichana darasani kwetu anaitwa Selam, humjui. Selam alipaka krimu fulani. Wiki ya kwanza uso uling'aa kama sahani mpya. Sasa ana mabaka chini ya macho, rangi ya jivu, yanawasha, na akitoka juani anahisi amepakwa pilipili. Aliyemuuzia anasema aongeze, eti ngozi hupigana kabla ya kushindwa.

Vitabu vyako vinasemaje? Aongeze au apunguze? Ni swali la Selam. Mimi mzima.

W.


Debre Berhan
29 Megabit 2016

Wubit mpenzi,

Mwambie Selam aache. Leo, asingoje kopo liishe.

Nilipopata barua yako nilichukua lile boksi nikaenda kwa Mwalimu Getahun wa kemia. Unanijua, sijawahi kunyoosha mkono darasani tangu nianze sekondari. Nilisimama mlangoni pa maabara mpaka akaniuliza kama nimetumwa kumlinda. Nikampa boksi. Alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kalomeli," akasema. "Unajua ni kitu gani?"

"Nadhani ni tunda, mwalimu."

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Ni chumvi ya zebaki," akasema. "Unakumbuka Hirut alipovunja kipimajoto nikawatoa wote nje na kufungua madirisha? Ni zebaki hiyohiyo, ila hii wameivalisha jina la harusini."

Akanieleza kwamba inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtu hung'aa mwanzoni. Lakini haikai usoni tu. Inapita kwenye ngozi na kuingia mwilini, inaumiza figo, inaumiza mishipa ya fahamu, na ngozi yenyewe mwishowe huota mabaka. Mkorogo wote una hadithi moja, akasema, unabadilisha majina tu. Halafu akaniuliza boksi nimelipata wapi, nikamwambia lilileta kolo. Akafumba macho kidogo. Nikamwahidi kwamba kolo ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Nikajitetea kwa kitu kimoja nilichokuwa na hakika nacho. "Lakini mwalimu, tarehe bado. 2019."

Sasa akacheka, mpaka akakaa.

"Kwa kalenda ya nani, binti? Hao walioitengeneza, kwao mwaka huu ni 2024. Iliisha muda miaka mitano iliyopita. Sisi kwa kalenda yetu tuko nyuma yao miaka minane, sawa, lakini krimu haikukaa nyuma kutungoja."

Wubit, kalenda ya wageni nimefundishwa tangu darasa la nne. Nilifurahi mno kusoma hata nikasahau kuelewa. Na nilikuandikia kwamba yeyote mwenye krimu hiyo amepata kitu kizuri. Sentensi hiyo natamani kuifuta, lakini ilishapanda gari la mablanketi. Mwambie Selam kwamba msomaji alikosea.

Mwambie asipake limau, asipake dawa ya meno, asipake chochote atakachoambiwa na muuzaji. Aoshe uso kwa maji na sabuni isiyo na manukato. Kopo alifunge ndani ya mfuko, asimpe mtu mwingine, aende nalo kwa daktari wa ngozi na amtajie lile neno.

Mwambie pia kwamba ana mtu Debre Berhan anayempenda. Na kwamba kama anajifunika netela mpaka puani ajihadhari, kuna mama mmoja anadhani anakwenda kuwa mtawa.

Meklit


Addis Ababa
7 Miyazia 2016

Meklit,

Selam amesoma barua yako. Alilia, halafu alipofika kwenye utawa akacheka huku analia, kamasi likaharibu ukurasa wa pili. Selam hajui ulijuaje.

Selam ni mimi.

Siku ile ya kupimwa gauni nilirudi nyumbani nikiwa bado nacheka, nikacheka mpaka chooni, huko ndiko nilikoacha. Kesho yake nikaenda Merkato. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimeanza kuogopa kidogo, nikaona Profesa amesema ni kitu kizuri, nikaongeza. Usijilaumu. Hata ungeandika kwamba ni sumu ya panya, nadhani ningepaka mara moja zaidi.

Nimeacha tangu siku ile. Mabaka hayajaacha. Kwa hiyo nimeamua: siku ya harusi nitaumwa. Nilifikiria malaria lakini Addis hakuna malaria, basi tumbo. Utatembea na Bethel wa jirani. Ana uso mzuri na mkono wake ni mkubwa, utakutosha.

Mama usimwambie. Anajivunia gauni lile kuliko Fikirte anavyojivunia lake.

Nilitaka tu kusimama karibu na dada yangu. Sikutaka katikati, karibu tu.

Wubit


Debre Berhan
12 Miyazia 2016

Wubit,

Sitamwambia Mama Mkubwa. Nimemwandikia mara mbili na nimechana mara mbili, kwa sababu habari hii ni yako. Lakini figo hazionekani kwenye kioo. Uso unaweza kuufunika netela, zenyewe huwezi. Daktari atataka kupima mkojo wako, na kwa hilo unahitaji mtu mzima wa kukupeleka. Mwambie mama yako kabla ya Jumapili ya Matawi. Mwambie akiwa amekaa.

Kuhusu Bethel, hapana. Bila wewe sitembei. Sikutishii, ni miguu yangu ndivyo ilivyo. Nimejaribu jana kupita katikati ya bwalo la chakula peke yangu kama mazoezi, nikaishia nyuma ya mlango wa stoo, mpishi akanipa kiazi.

Na ile dawa ya nywele iache. Nilimuuliza Mwalimu Getahun, nikijifanya ni swali la Selam wa pili. Anasema wasichana hudhani kichwani ni mahali pengine, kumbe ni ngozi ileile ya uso, imevaa nywele tu. Hiyo dawa inaweza kuiunguza hata ikiwa nzima, na yako imeshachoka. Kitu chochote kinachokutoa machozi kikiwa bado ndani ya kopo, akasema, usikiingize nyumbani.

Tutasuka. Siagi nitaleta mimi.

Nimemjulisha Hirut kwamba binti yangu hataitwa tena Kalomeli. Amesema mtoto huyo ana bahati.

Meklit


Addis Ababa
21 Miyazia 2016

Meklit,

Nimesema. Mama alikuwa amekaa kwenye gunia la vitunguu, nikaona hapo panatosha. Nikafungua netela.

"Mama, si toba. Ni krimu."

Akanitazama. "Kwa hiyo si utawa?"

"Si utawa, mama."

"Mungu ashukuriwe," akasema, na akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha akanisogeza dirishani, akaona vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele.  Badala yake aliuliza, "Nani alikuambia unahitaji kitu hiki?" Nikamwambia habari ya mwanga wa picha. Akaacha vitunguu vyake na kufunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata nilipozaliwa.

Daktari ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kanisani. Alilitazama kopo langu kama mtu anayekutana na mwizi wake wa zamani. Figo ziko salama, Meklit. Anasema nimeacha mapema, mabaka yatafifia, lakini itachukua miezi na nisimwamini mtu yeyote atakayeniahidi wiki. Kanipa mafuta meupe yasiyonukia chochote, kofia pana, na tarehe ya kurudi kupimwa tena.

Sasa sikiliza. Usiku tulimsimulia Fikirte. Akaingia chumbani kwake, akatoka na kopo. Lilikuwa zawadi ya mama mkwe, la kupaka wiki ya harusi. Aliligeuza nyuma akaniambia nisome. Nilisoma kama wewe, kwa kidole. Boksi ni jingine, mwanamke ni mwingine, neno ni lilelile. Alikuwa bado hajalifungua. Sipendi kufikiri ningekuwa wapi na tumbo langu la uongo siku ambayo angelifungua.

Akampigia simu bwana harusi hapohapo, sisi tukisikia. "Mwambie mama yako namshukuru kwa zawadi, na sitaitumia. Mpambe wangu Wubit atasimama mkono wangu wa kulia, na mabaka yake yote. Mwenye wasiwasi na mwanga alete taa."

Njoo na siagi. Mfungo unakwisha, ilete nyingi.

Wubit


Addis Ababa
18 Ginbot 2016

Profesa,

Picha zimetoka. Nakutumia hii moja, usiipinde.

Fikirte katikati, macho yamevimba maana alikuwa ametoka kulia. Mimi mkono wake wa kulia. Mabaka yanaonekana, ukitaka kuyatafuta. Mama hayatafuti, ameibandika juu ya mashine ya hesabu dukani na kila mteja analazimishwa kuitazama kabla ya kupewa chenji. Siagi inang'aa kwenye mistari ya nywele zetu kama tumenyeshewa. Umesahau jinsi lile jua lilivyoiyeyusha? Nzi walitufuata mpaka mlangoni pa ukumbi kama ndugu waliosahaulika kualikwa. Mama mkwe aliitazama picha, akasema tu siagi ilikuwa nyingi. Fikirte anasema kwa mtu yule hiyo ni sifa.

Sasa tazama upande wa kushoto. Mpiga picha alisema tazameni hapa. Bibi harusi ametazama, mimi nimetazama, hata mtoto wa jirani anayelia ametazama. Wewe umeinamisha kichwa. Nilidhani ni aibu yako, nikakuonea huruma, mpaka nilipoisogeza karibu na taa. Meklit, unasoma. Umeshika kopo la manukato ya nywele la yule mpambaji, umeligeuza nyuma, na mdomo wako uko wazi kidogo kama mtu aliyefika penye utamu.

Siri yako sasa iko dukani kwetu, juu ya mashine ya hesabu. Samahani.

Ulitembea vizuri lakini. Mkono wangu bado una alama za kucha zako.

Wubit


Debre Berhan
26 Ginbot 2016

Wubit dada yangu,

Nimeibandika picha ndani ya mlango wa kabati langu. Hirut ameiona na kucheka mpaka akaanguka kutoka kitandani. Lile kopo lilikuwa na maneno kumi na moja, manne sikuyajua.

Kwa kuwa siri imeshatoka, nikuambie nilichofanya baadaye. Jumatatu nilimwendea Mwalimu Getahun, safari hii nikabisha hodi, nikamwomba meza ndogo ya maabara. Nikaiweka karibu na bomba, pale tunaponawa uso asubuhi. Niliandika kwenye karatasi, "Lete kopo lako nikusomee." Niliandika kwa herufi ndogo ili asione mtu. Mwalimu akapita, akaichana, akaiandika upya kwa herufi zinazoonekana mpaka getini.

Siku ya kwanza hakuja mtu, nikafanya kazi zangu za hesabu. Siku ya pili Hirut alileta dawa yake ya meno, kwa kunionea huruma tu, nikaisoma yote na haikuwa na neno baya, akaondoka amejivuna kama aliyefaulu mtihani.

Leo asubuhi saa moja alikuja Bezawit. Alikuwa ameficha kitu ndani ya sweta. Wenzake walisimama nyuma yake, wengine wana miswaki mdomoni. Akaweka kopo mezani, mwanamke wa jua upande wa juu.

"Haya, kitoweo," akasema. "Soma. Na kama ni kibaya, sema taratibu."

Wewe hukuwepo wa kunishika mkono. Nikaligeuza kopo. Nikasoma kwa sauti, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, nikaangalia na tarehe, nikaihesabu kwa kalenda ya wenyewe. Maneno mawili sikuyajua. Nikasema siyajui. Bezawit akachukua kopo lake, nami nikachukua karatasi yangu, tukaenda wote wawili kubisha hodi kwa mwalimu.

Meklit